Mdomo Ukienda Upande, Tazama Paji la Uso

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu, na kuchapishwa hapa kwa maombi ya wanachama waliohudhuria.)



Nilipoandikiwa barua ya kuombwa kuzungumza, niliambiwa nichague jambo lolote lenye manufaa. Najua wengi wenu mlitazamia kwamba mtumishi wa serikali atakuja na takwimu za bajeti na mipango ya maendeleo. Leo nimeyaacha hayo ofisini. Nimekuja na jambo moja dogo ambalo nilifundishwa katika shule hii hii, nikalijibu vizuri katika mtihani, nikapata alama, kisha nikalisahau siku nilipolihitaji.

Jambo lenyewe ni ugonjwa wa ghafla wa kupooza uso kwa watoto. Mtoto analala mzima, anaamka mdomo umekwenda upande mmoja, jicho moja halifumbi, chai inamchuruzika kwenye pembe ya mdomo. Huku kwetu, kuanzia Somanga hadi Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko, Mchinga na Lindi yenyewe, kila mmoja wetu amepata kumwona mtoto wa namna hiyo, au kusikia habari zake. Na kila mmoja wetu amesikia maneno yanayosemwa: amepigwa na upepo, amepitiwa na jini, alilala karibu na dirisha, ataongoka mwenyewe.

Mimi si daktari. Niliyonayo nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza waganga wa hospitali, tena kwa kuwauliza sana, kwa sababu nitakayoieleza. Naomba mnivumilie.

Ndugu zangu, nilipokuwa mwaka wa pili pale Chuo Kikuu, Mlimani, niliamka asubuhi moja nikakuta uso wangu wa kushoto umekufa. Nilipokwenda kunawa, maji yakaingia jichoni kwa kuwa jicho halikufumba. Wenzangu wa bwenini walicheka, kisha walipoona sichekeki wakanisindikiza kwa daktari. Daktari yule alifanya kitu ambacho wakati ule nilikiona cha ajabu. Kabla ya kunigusa aliniambia, "Tazama darini bila ya kuinua kichwa." Nikatazama. Akaniambia, "Kunja paji la uso." Upande wa kulia ulijikunja; upande wa kushoto ulibaki laini kama wa mtoto mchanga. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanichungulia masikioni, akanipima presha, akanipa dawa, akaniambia nitapona. Baada ya wiki sita nilikuwa nimepona kabisa.

Kosa langu lilianzia hapo. Nilipona, nikadhani nimejua.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kazini Lindi, dada yangu alinipigia simu usiku kutoka kijijini, huko pwani ya Kilwa. Akasema, "Kaka, mtoto mdomo umekwenda upande." Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu wa kike, na wakati ule alikuwa na umri wa miaka tisa. Nikamwuliza kama ana homa, akasema hana. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwamba hata mimi niliugua hivyo nikiwa chuoni, kwamba huo ni upepo tu, na subira yavuta heri. Dada akasema tena, "Lakini tangu mchana haongei sana. Na kikombe kimemponyoka mara mbili." Nikamjibu kwamba mtoto ameogopa.

Nyote mnajua kwetu neno la mjomba lina uzito gani. Na mimi nilikuwa mjomba aliyesoma. Nilipotamka, mashauri yalikwisha. Shemeji yangu, ambaye alikuwa tayari ameshatafuta pikipiki ya kuwapeleka hospitali, alimrudisha mwenye pikipiki.

Siku ya tatu dada alinipigia tena akilia. Nilipanda basi la asubuhi, nikateremka Nangurukuru, tukakutana hospitalini. Tabibu aliyempokea mtoto alikuwa msichana mdogo, pengine miaka miwili tu tangu atoke chuoni. Naye alifanya kitu kile kile nilichofanyiwa Mlimani. Alinyanyua kalamu yake juu akamwambia mtoto aitazame bila ya kuinua kichwa. Paji la uso la mtoto likajikunja lote, kulia na kushoto. Akamwambia amshike vidole kwa mikono yote miwili, avibane. Mkono wa kushoto ulibana. Mkono wa kulia haukubana.

Tabibu akanigeukia akasema, "Baba, paji lake ni zima. Tatizo hili haliko usoni, liko kichwani."

Mpwa wangu alikuwa amepatwa na kiharusi. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba ana ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, ambao hakuna aliyekuwa ameugundua kwa miaka yote tisa. Ingawa mikono na miguu ilimvimba akiwa mchanga, ingawa macho yalikuwa ya manjano mara kwa mara, na ingawa kila msimu wa baridi alilia kwa maumivu ya mifupa. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, nikiwa nimekuja likizo.

Sasa, ndugu wanachama, nataka nieleze ni kwa nini paji la uso linasema mengi kiasi hicho. Wale tuliosoma pamoja mtakumbuka jinsi mwalimu wetu wa Biolojia alivyotuchorea ubongo ubaoni kwa chaki, akapiga mishale inayopishana: nusu ya kulia ya ubongo inatawala upande wa kushoto wa mwili, na nusu ya kushoto inatawala upande wa kulia. Tuliandika, tukakariri.

Uso nao una waya wake wa simu, au tuseme mshipa wake wa fahamu. Kila upande wa uso una mmoja. Mshipa huu hutoka sehemu ya chini ya ubongo, ukapita katika tundu jembamba ndani ya mfupa wa sikio, ukatokea chini ya sikio, ukapita katikati ya tezi la mate la shavuni, kisha ukagawanyika kama vidole vya mkono: tawi la paji, tawi la jicho, tawi la shavu, tawi la mdomo, tawi la kidevu. Mshipa huu ukivimba au ukibanwa mahali popote kabla ya kugawanyika, matawi yote yanakosa habari, na upande mzima wa uso unalala pamoja na paji lake.

Lakini amri zinazoufikia mshipa huo kutoka juu ya ubongo hazikugawanywa sawasawa. Sehemu ya mdomo inapata amri hasa kutoka nusu moja ya ubongo, ile ya upande wa pili. Paji la uso linapata amri kutoka nusu zote mbili. Ni kama kijiji chenye visima viwili: kimoja kikikauka, watu bado wanakunywa. Kwa hiyo, nusu moja ya ubongo ikiumia, mdomo unakwenda upande, lakini paji linaendelea kujikunja.

Basi neno la kwanza ninalowaombeni mlichukue leo ni hili. Mdomo umepinda na paji limelala: huenda tatizo liko kwenye mshipa wa uso. Mdomo umepinda na paji linajikunja vizuri: hofia ubongo, na mtoto huyo aende hospitali saa hiyo hiyo, usiku ule ule, hata kama anacheka. Mtoto aliye mdogo mno kufuata amri, mtazame anapolia. Kilio huonyesha paji na macho vizuri kuliko kioo.

Kwa uzito huo huo, ndugu zangu, angalieni na viungo vingine. Je, mkono au mguu umelegea? Anaongea kama jana? Anatembea bila ya kuyumba? Amepata degedege? Anaumwa kichwa sana, anatapika, anasinzia kupita kiasi? Lolote kati ya hayo likiwapo, habari za upepo zimekwisha. Yaweza kuwa kiharusi, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, au uvimbe ndani ya fuvu.

Neno la pili. Msidhani kwamba paji likilala ndiyo salama. Hapa ndipo waganga wengi hukosea, na hapa ndipo maduka ya dawa hukosea zaidi.

Ugonjwa niliougua mimi Mlimani unaitwa kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, daktari mpasuaji wa Scotland aliyeandika habari za mshipa huu mwaka 1821. Ingawa jina alipewa yeye, ugonjwa wenyewe ulijulikana kabla yake. Al-Razi, tabibu mkubwa wa Uajemi aliyefanya kazi Baghdad zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliandika habari za uso kupinda. Chanzo chake hakijulikani kwa hakika. Wataalamu wengi wanashuku virusi vya jamii ya malengelenge ya mdomoni, vinavyolala mwilini na kuamka siku moja. Mshipa unavimba ndani ya tundu lake la mfupa, unajibana wenyewe.

Jina la Bell, hata hivyo, ni jina la mwisho kutolewa. Hutolewa baada ya kutafuta sababu nyingine zote na kutoziona. Ni sawa na mwalimu wa zamu anayesema "aliyevunja dirisha hajulikani": ana haki ya kusema hivyo baada ya kuwauliza wanafunzi wote, na si kabla. Hebu tuzitazame sababu hizo, hasa zile za pwani yetu.

Sikio. Kwa kuwa mshipa unapita ndani ya mfupa wa sikio, usaha wa sikio la kati unaweza kuufikia. Watoto wetu wengi hutoka usaha masikioni mwezi hata mwezi, na wazazi wameshauzoea. Mtoto mwenye usaha, au mwenye uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, akipooza uso, huyo anahitaji dawa kali ya sindano na huenda akahitaji kupasuliwa. Na mtoto mwenye malengelenge sikioni pamoja na maumivu makali ana mkanda wa jeshi wa sikio, unaoletwa na virusi vile vile vya tetekuwanga. Hayo yote huonekana kwa taa ndogo ya kutazamia masikio.

Taya na shingo. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Baadaye alisafiri masafa marefu kwa gari katika nchi zetu hizi akiuliza hospitali moja baada ya nyingine, akaona kwamba ugonjwa huo unafuata nchi za joto na mvua, zenye malaria nyingi. Pwani yetu ni nchi ya namna hiyo. Saratani hii ya Burkitt hukua upesi sana. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku chache tu. Inaweza kuubana mshipa wa uso, au kuingia ndani ya fuvu. Basi mtoto aliyepooza uso atazamwe kinywani: meno yamelegea? Taya limevimba? Jicho limetokeza nje? Tumbo limejaa? Habari njema ni kwamba saratani hii huitikia dawa vizuri, ikiwa mtoto atafikishwa mapema.

Damu. Saratani ya damu nayo yaweza kujitokeza kwanza usoni. Mtoto amepauka, ana homa zisizokwisha, anatoka damu puani au kwenye fizi, ana tezi. Hapa nina onyo kubwa. Dawa za jamii ya steroidi, kama predinisoloni, zinaweza kuificha saratani ya damu kwa muda, mtoto akaonekana amepata nafuu, na ugonjwa ukawa mgumu kutambuliwa na kutibiwa. Kwa hiyo mtu yeyote asinunue vidonge hivyo kwenye duka la dawa muhimu akampa mtoto kwa sababu jirani alipona navyo. Kwanza kipimo cha damu, kisha daktari aamue.

Virusi vya UKIMWI. Katika nchi zetu kupooza uso kunaweza kuwa moja ya dalili za mwanzo za maambukizo ya VVU, hata kwa mtoto anayeonekana ana afya. Kipimo ni cha bure na dawa ni za bure. Aibu ndiyo ya gharama.

Presha. Naona wengine mnatabasamu. Mtoto na presha? Naam. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo anaweza kuwa na shinikizo kubwa la damu, na dalili ya kwanza ikawa uso kupooza. Akipewa steroidi bila ya kupimwa, presha inapanda zaidi. Lakini kupima presha ya mtoto kunataka mkanda mdogo wa mtoto. Mkanda wa mtu mzima hutoa jibu la uongo. Nitarudi kwenye mkanda huu.

Ngozi. Mkoa wetu wa Lindi ni miongoni mwa mikoa ambayo bado inagundua wagonjwa wapya wa ukoma, ijapokuwa dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 zinauponya kabisa, na hutolewa bure. Ukoma kwa kawaida huenda polepole, lakini kuna wakati mwili hupambana nao kwa ghafla na mshipa wa uso ukaumia kwa siku chache, hasa kama kuna baka shavuni au karibu na jicho. Baka lililofifia rangi, lisilosikia mguso wa unyoya: hilo ndilo la kutafuta.

Mwisho, ajali na vidonda. Mtoto aliyeanguka toka mwembeni au mkoroshoni aweza kuvunja mfupa wa sikio, na uso ukapooza saa ile ile au siku kadhaa baadaye. Na mtoto mwenye kidonda kichwani, aliyepooza uso na taya zinaanza kukaza, hofia pepopunda.

Kwa wenzangu mlio watendaji wa kata na vijiji, naongeza neno moja la kiserikali. Mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea mkono au mguu kwa ghafla lazima atolewe taarifa siku hiyo hiyo, ili achukuliwe sampuli mbili za choo kwa ajili ya kupima polio. Afrika ilithibitishwa mwezi Agosti 2020 kuwa imeondokana na virusi vya polio vya asili, lakini mwaka 2022 virusi hivyo vilionekana tena kwa majirani zetu Malawi na Msumbiji, vikiwa vimeingia kutoka nje ya bara letu. Na mwaka 2023 mkoani Rukwa kulipatikana mtoto aliyepatwa na aina ile nyingine, inayotokana na virusi vya chanjo. Kazi ya kutazama haijaisha.

Nikirudi kwa mtoto ambaye ametazamwa paji, viungo, masikio, taya, ngozi, presha na damu, na halikupatikana lolote: huyo sasa ana haki ya kuitwa mgonjwa wa Bell, na wazazi wake wana haki ya kulala usingizi. Mwaka 2022 walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Australia na New Zealand kwa watoto 187. Nusu yao walipewa predinisoloni, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wamepona kabisa asilimia 49 ya waliopewa dawa na asilimia 57 ya wasiopewa. Baada ya miezi sita walikuwa wamepona asilimia 99 na asilimia 93. Hata waliopewa kidonge kitupu, basi, walipona karibu wote, na dawa haikuonyesha kwamba inaharakisha. Kwa watu wazima mambo ni tofauti; wao dawa hiyo huwasaidia ikianzwa ndani ya siku tatu.

Kinachohitaji ulinzi wakati wa kungoja ni jicho. Jicho lisilofumba linakauka, vumbi linaingia, kioo chake kinachubuka, na mtoto aliyepona uso anabaki na jicho bovu. Mchana apewe dawa ya matone ya kulilainisha. Usiku apakwe mafuta ya jicho ya hospitali, kope zifumbwe kwa upole na kubandikwa plasta. Asitiwe maji ya majani, wala maziwa, wala dawa yoyote ya kienyeji jichoni. Na shuleni asichekwe. Mwalimu ndiye wa kulisimamia hilo.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa inakimbia. Niruhusu nimalizie habari ya mpwa wangu.

Mtoto mwenye selimundu aliyepata kiharusi anahitaji kuongezewa damu, na mapema. Kisha anahitaji kinga, kwa kuwa kiharusi cha kwanza mara nyingi hufuatwa na cha pili. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi wa selimundu duniani. Inakadiriwa huzaliwa watoto 11,000 hivi kila mwaka. Huko Marekani, kabla ya kinga kuanza, watoto 11 hivi kati ya kila 100 wenye aina kali ya ugonjwa huu walipata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Leo kipo kipimo cha mawimbi ya sauti kinachotazama mishipa ya damu ya kichwani na kutambua mtoto aliye hatarini, na zipo dawa kama haidroksiurea zinazopunguza hatari hiyo. Lakini yote hayo yanaanza na mtu kujua kwamba mtoto ana selimundu. Aliye na macho ya manjano, maumivu ya mifupa, vidole vilivyovimba utotoni, na upungufu wa damu usiokwisha, apimwe kabla uso haujapinda.

Mpwa wangu yuko hai. Mdomo wake umenyooka. Ukimwona utasema hakuna lililotokea. Mkono wa kulia haukurudi sawasawa. Alijifunza upya kuandika, kwa mkono wa kushoto, na mwaka huu yuko Kidato cha Pili. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Hakuna daktari aliyeniapia kwamba zile siku tatu zingeuokoa mkono ule. Wala hakuna aliyeniapia kwamba zisingeuokoa. Dada yangu hajapata kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo zito zaidi.

Nimeyasema haya hadharani kwa makusudi. Katika ukumbi huu wamo walimu wakuu, madiwani, maimamu na mapadri, mabwana shamba, wenye mabasi, na wajomba. Sisi ndio tunaopigiwa simu usiku. Watu wanatuamini kwa sababu tulipita katika milango ya shule hii. Elimu nusu iliyoaminiwa kikamilifu inaweza kumzuia mtoto nyumbani kwa nguvu zaidi kuliko mganga yeyote wa jini. Yule mganga wa kijijini angalau hakumrudisha mwenye pikipiki. Niliyemrudisha ni mimi.

Na umbali wetu hauna msamaha. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tulidhani tumemaliza habari ya Rufiji. Lakini mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, tuliona barabara ikikatika huko Somanga, na magari yakilala njiani. Mtoto wa pwani hana siku tatu za kupoteza nyumbani, kwa maana hajui njiani atapoteza ngapi.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili kwa mkutano huu. La kwanza: chama chetu kitoe karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, yenye maswali haya ya paji, viungo, sikio, taya, ngozi, presha na damu, iandikwe na wenzetu walio madaktari, si na mimi, ibandikwe katika kila shule ya msingi na kila zahanati tunayoweza kuifikia, kutoka Kilwa hadi Lindi. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Hawakuwa na simu za mkononi, lakini walikaa wakasikiliza. La pili: katika michango ya mwaka huu tutenge fedha ya kununua mikanda ya kupimia presha ya watoto na taa za kutazamia masikio, tuzikabidhi kwa zahanati kupitia halmashauri za wilaya. Ni vitu vidogo. Havizidi gharama ya chakula chetu cha leo mchana.

Vijana mlio hapa, nanyi nina neno lenu. Mwalimu anapochora ubongo ubaoni, ulizeni michoro ile ni ya nini. Mimi sikuuliza. Nilikariri mishale.

Ndugu zangu, kabla hatujaenda kula, hebu kila mtu amgeukie jirani yake. Mwambie atazame darini bila ya kuinua kichwa. Mtazame paji. Mmeona? Hiyo ndiyo mikunjo ya kutafuta. Sasa hamtasahau.